Dawa za moyo: ukitoka hospitalini, karatasi ya munganga ingali na kazi

Mgonjwa wa moyo akiruhusiwa kutoka hospitalini, iwe Butembo ao Beni, anarudi nyumbani na karatasi ya munganga, ile tunayoita ordonansi. Juu yake kuna mistari minne, mitano, wakati mwingine saba. Jamaa wanahesabu franga, wanaingia farmasi ya kwanza, wanauliza bei ya kila dawa, na mara nyingi wanatoka na dawa mbili tu. Ile ya kukojolesha haikosi, kwa sababu kila mtu aliona ilivyosaidia: miguu iliyovimba ilishuka, usingizi ukarudi. Zingine zinabaki kwenye karatasi. "Hizo tutanunua mwezi ujao."

Makala hii inaeleza namna wanganga wanavyoandika dawa za moyo hospitalini, kazi ya kila moja, na kinachotokea mtu akichagua mwenyewe zipi anunue na zipi aache. Jambo la kushika ni hili: dawa ambayo unasikia kazi yake upesi, siyo lazima iwe ile inayokuongezea miaka. Dawa zinazoachwa kwanza nyumbani ni zile hasa zinazozuia mgonjwa asirudi hospitalini.

Hatuandiki hapa dozi ya mtu fulani. Dozi inatoka kwa munganga aliyekupima.

Moyo kushindwa kazi ni nini

Moyo ni pampu. Upande wa kushoto unasukuma damu mwilini, upande wa kulia unaisukuma kwenye mapafu. Pampu ikichoka, maji yanabaki nyuma. Yakibaki kwenye mapafu, mgonjwa anakosa pumzi akipanda kilima ao akilala chali, anaomba mito miwili ao mitatu. Yakibaki mwilini, miguu inavimba, kisha tumbo. Wafaransa wanaita hali hiyo "insuffisance cardiaque". Siyo ugonjwa mmoja. Ni mwisho wa njia nyingi.

Njia ya kwanza kwetu Afrika ni tansio, yaani shinikizo la damu lililokaa miaka bila kutunzwa. Ya pili ni vilango vya moyo vilivyoharibika kufuatana na ugonjwa wa koo uliompata mtu akiwa mtoto. Ya tatu ni misuli ya moyo yenyewe kulegea, mfano kwa mama aliyetoka kuzaa, ao kwa mtu wa pombe nyingi. Mishipa ya moyo kuziba, ugonjwa unaojulikana sana Ulaya, iko pia, lakini si ya kwanza.

Uchunguzi mmoja mkubwa uitwao THESUS-HF, uliotolewa mwaka 2012, ulifuata wagonjwa 1006 katika nchi 9 za Afrika, Uganda na Kenya zikiwemo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Ulaya, wagonjwa wengi wa namna hiyo wamepita miaka 70. Maana yake kwetu ni wazi: anayelazwa na moyo mara nyingi ni mtu ambaye bado analipa minervali ya watoto, bado analima, bado ana duka sokoni. Akianguka yeye, nyumba nzima inaanguka.

Siku za kwanza kitandani

Mgonjwa akifika hospitalini akihema, kazi ya kwanza ni kumkalisha, kumpa oksijeni kama anaihitaji, na kutoa maji. Dawa ya kutoa maji ni furosemide, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lasix. Siku za kwanza inapigwa kwa sindano kwenye mshipa, kwa sababu tumbo lililojaa maji halichukui kidonge vizuri.

Hapo ndipo kuna mambo ambayo jamaa wanaona kama usumbufu, kumbe ni sehemu ya dawa. Munganga anataka mkojo upimwe ndani ya chombo. Anataka mgonjwa apande kwenye mizani kila asubuhi. Anatuma damu laboratwari kuangalia figo (kreatinini) na potasiamu, chumvi moja ya damu ambayo ikishuka sana ao ikipanda sana inaweza kusimamisha moyo. Vipimo hivyo vinalipwa, na jamaa wanauliza: "Damu tena? Si walipima juzi?" Lakini dawa za moyo karibu zote zinagusa figo na potasiamu. Kuandika dawa hizo bila vipimo ni kama kuendesha gari usiku bila taa.

Mahali penye mashine, kunafanywa pia elektrokadiogramu, yaani mchoro wa mapigo ya moyo, na ekografia ya moyo. Ekografia inaonyesha kama pampu imelegea, kama imekuwa ngumu, ao kama kilango ndicho kimeharibika. Jibu hilo linabadilisha ordonansi. Ndiyo maana dawa za jirani yako hazikufai, hata kama na yeye "ana moyo".

Dawa ambazo husikii kazi yake

Maji yakiisha, mgonjwa anajisikia mzima. Ni hapo munganga anaongeza dawa zingine, na ni hapo jamaa wanashangaa: "Amepona, mbona wanaongeza?"

Jibu lake ni hili. Furosemide inatoa maji, lakini peke yake haikuonyeshwa kwamba inarefusha maisha. Moyo uliochoka, mwili unaupiga fimbo: unatoa homoni zinazoufanya ukimbie, zinazobana mishipa na kushika chumvi. Kwa siku chache homoni hizo zinasaidia. Kwa miezi, zinaua moyo polepole. Dawa zingine kazi yake ni kuondoa fimbo hiyo.

Kundi la kwanza ni enalapril, captopril, lisinopril na ndugu zao, majina yanayoishia na "pril". Mwaka 1987, uchunguzi uitwao CONSENSUS ulifanywa nchi za kaskazini mwa Ulaya kwa watu 253 waliokuwa na moyo umeshindwa vibaya sana. Nyuma ya miezi 6, kwa wale waliopewa kidonge cha bure kisicho na dawa, walikufa 44 kwa 100. Kwa wale wa enalapril, 26 kwa 100. Dawa hizi zinaleta kikohozi kikavu kwa watu fulani. Ikiwa hivyo, usiiache kimya kimya: munganga anaweza kubadilisha na losartan ao dawa nyingine ya kundi lake, ambayo hailetei wengi kikohozi.

Kundi la pili ni bisoprolol na carvedilol. Zinapunguza mbio za moyo. Mwaka 1999, uchunguzi CIBIS-II, wa watu 2647, ulionyesha kwamba bisoprolol ilipunguza vifo kwa sehemu 34 juu ya 100.

Kundi la tatu ni spironolactone. Nayo inakojolesha kidogo, lakini faida yake kubwa ni kulinda moyo. Mwaka huo huo wa 1999, uchunguzi RALES ulionyesha vifo vimepungua kwa sehemu 30 juu ya 100 kwa wagonjwa waliokuwa vibaya.

Siku hizi kuna kundi la nne, dawa zilizoanzia kwenye ugonjwa wa sukari, kama dapagliflozin, ambazo tangu 2019 zimeonyesha faida hata kwa mgonjwa wa moyo asiye na sukari. Kwa nyumba nyingi bei yake ingali juu. Lakini furosemide, enalapril, bisoprolol na spironolactone zote ziko kwenye orodha ya dawa za lazima ya OMS, Shirika la Afya Ulimwenguni. Zimekwisha kuwa dawa za zamani, na zinatengenezwa na viwanda vingi bila jina la biashara.

Angalia sasa mchezo huu mbaya. Dawa tatu zinazolinda moyo hazileti raha yoyote siku ya kwanza. Bisoprolol inaweza hata kukuchosha wiki za mwanzo. Enalapril inaweza kukupa kizunguzungu ukisimama haraka. Mtu anasema, "Hii dawa inanilegeza, afadhali niache," anabaki na Lasix peke yake. Miezi miwili nyuma yake, yuko tena kitandani.

Kwa nini dozi inaanza chini

Wagonjwa wengine wanafikiri munganga aliwapunja kwa sababu aliandika nusu kidonge. Bisoprolol kwa moyo ulioshindwa inaanza kwa 1,25 mg, na lengo ni kufika 10 mg kama mwili unakubali. Safari hiyo ni ya wiki nyingi. Ikianza juu, ao ikianza wakati mapafu yangali na maji, inaweza kumwangusha mgonjwa. Enalapril pia inapanda ngazi hivyo hivyo, tansio na figo zikiangaliwa.

Maana yake: ordonansi ya siku ya kutoka hospitalini ni ya mwanzo. Yule anayerudia karatasi ileile mwaka mzima bila kurudi kwa munganga, anakunywa dozi ya mwanzo mwaka mzima. Tarehe ya kurudi inayoandikwa chini ya karatasi ni sehemu ya dawa.

Jambo lingine: bisoprolol haikatwi mara moja. Mtu aliyeizoea akiiacha ghafla, moyo unaweza kukimbia na tansio kupanda kwa nguvu. Kama ni kuacha, inashushwa polepole, munganga akijua.

Wakati franga hazifiki

Hapa ndipo makala nyingi za afya zinanyamaza, lakini ndiyo hali ya nyumba nyingi kwetu. Chukua mfano wa baba aliyetoka hospitalini na dawa tano, na franga za dawa mbili. Afanye nini?

Kwanza, aseme mbele ya kutoka. Watu wanaona haya mbele ya munganga, wanaitika "ndiyo dokta", kisha wanachagua wenyewe mbele ya kaunta ya farmasi. Lakini munganga akijua una franga kiasi gani, anaweza kupanga ordonansi upya. Pengine kuna dawa ya tumbo ao vitamini ambayo inaweza kungoja. Pengine kuna dawa iliyoandikwa kwa jina la biashara ambayo iko kwa jina la kawaida kwa bei ndogo. Pengine dawa mbili zinapatikana ndani ya kidonge kimoja. Kuchagua cha kuacha ni kazi ya dawa kama kuchagua cha kutoa. Isiachwe kwa mwenye kaunta.

Pili, asigawanye dawa zote nusu nusu ili zifike mwisho wa mwezi, ao kunywa siku moja na kuruka siku ya pili. Dawa nyingi za moyo zinafanya kazi saa 12 ao saa 24 tu. Ukiruka, siku ile moyo uko peke yake.

Tatu, aulize dawa za farmasi ya hospitali ao kituo cha afya kabla ya kuzunguka mjini. Butembo kuna CADIMEBU, ghala linalosambaza dawa za lazima kwa vituo na hospitali, na dawa zinazopita njia hiyo zina usimamizi kuliko zile zinazouzwa kwenye meza kando ya barabara. Kama uko ndani ya mituelle ya afya, uliza mapema kama inalipa dawa za ugonjwa wa siku zote ao za siku za kulazwa tu. Watu wengi wanagundua tofauti hiyo wakati wamekwisha kuchelewa.

Nne, asikubali kubadilishiwa dawa bila munganga kujua. "Bisoprolol haiko, lakini hii propranolol ni ndugu yake." Ni kweli ni ndugu, lakini kwa moyo ulioshindwa si ndugu wote walipimwa. Bisoprolol, carvedilol na aina moja ya metoprolol ndizo zilizoonyesha wazi kupunguza vifo. Propranolol na atenolol zina kazi zake, lakini hazichukui nafasi hiyo.

Dawa zinazogombana na moyo

Mgonjwa wa moyo anapata pia malaria, anaumwa mgongo, anapata homa ya tumbo. Akienda mahali pengine, anapewa dawa na mtu asiyejua kwamba ana moyo. Haya ndiyo ya kuangalia.

Dawa za maumivu. Diclofenac, ibuprofen na ndugu zao zinashika chumvi na maji, zinapandisha tansio, zinaumiza figo. Kwa mgonjwa wa furosemide na enalapril, siku chache za diclofenac, iwe kidonge ao sindano, zinaweza kumrudisha hospitalini. Paracetamol ya kawaida ni salama zaidi. Lakini ile paracetamol inayochemka ndani ya maji ina sodiamu nyingi, yaani chumvi iliyofichwa.

Serumu ya nguvu. Wengi wetu tukijisikia dhaifu tunaomba "wanitundikie serumu moja". Kwa moyo ulioshindwa, lita moja ya maji kwenye mshipa inaweza kujaza mapafu usiku uleule. Sema wazi mbele ya kutundikiwa: "Niko na ugonjwa wa moyo."

Malaria. Itibiwe bila kuchelewa, lakini kwanza ipimwe. Kinini, ile ya malaria yenyewe, inaweza kugusa mapigo ya moyo, na inatundikwa ndani ya serumu. Munganga akijua unakunywa digoxin ao dawa nyingine ya mapigo, atachagua na kukuangalia.

Bactrim. Dawa hii inayotumiwa sana (cotrimoxazole) inapandisha potasiamu. Enalapril na spironolactone pia zinapandisha. Zote tatu pamoja, hasa kwa mzee mwenye figo dhaifu, ni hatari isiyoonekana kwa macho.

Digoxin. Ni dawa ya zamani sana. Mmea wake ulielezwa na munganga mwingereza William Withering mwaka 1785. Inasaidia wengine, lakini kati ya dozi inayofaa na dozi yenye sumu kuna nafasi ndogo. Mgonjwa wa digoxin akianza kutapika, kukataa chakula, kuona rangi ya manjano ao mapigo yakipungua sana, asiongeze kidonge. Arudi haraka.

Dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin ao Sintrom. Wanazipata wale wenye kilango cha chuma, wenye mapigo yasiyo na mpango, ao waliokuwa na damu iliyoganda. Zinataka kipimo cha damu kiitwacho INR mara kwa mara. Metronidazole (Flagyl) na Bactrim zinaziongezea nguvu mpaka mtu anatoka damu. Diclofenac nayo inaongeza hatari hiyo. Kama mahali unapokaa hakuna INR, mwambie munganga mbele dawa hiyo haijaanza.

Nifedipine chini ya ulimi. Mtu anakutwa na tansio ya juu, mwenye farmasi anapasua kidonge cha Adalat na kukiweka chini ya ulimi. Tabia hiyo ilikatazwa zamani, kwa sababu tansio inaanguka ghafla na ubongo ao moyo unakosa damu. Tansio iliyopanda miaka haishushwi kwa dakika tano.

Mama mwenye mimba, na mama aliyetoka kuzaa

Dawa za "pril", losartan na spironolactone zinaweza kumharibu mtoto tumboni. Warfarin pia ina hatari yake. Kila mwanamke aliye kwenye miaka ya kuzaa, akiandikiwa dawa hizo, aambiwe. Asipoambiwa, aulize. Akiona siku zake zimechelewa, asikate dawa zote peke yake: aende kwa munganga wiki hiyohiyo, abadilishiwe.

Kuna pia moyo unaolegea mwezi wa mwisho wa mimba ao miezi 5 ya kwanza nyuma ya kuzaa. Mama anavimba miguu, anakosa pumzi usiku, jamaa wanasema ni uchovu wa kuzaa ao kwamba amerogwa. Mama anayeshindwa kulala chali nyuma ya kuzaa apelekwe hospitalini. Wengi kati yao moyo unarudi kupata nguvu wakitibiwa mapema. Na kabla ya kubeba mimba nyingine, azungumze na munganga, kwa sababu ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu zaidi.

Mtoto wa koo na sindano ya kila mwezi

Mtoto mwenye koo la bakteria lisilotibiwa anaweza, wiki chache nyuma, kupata maumivu yanayohama kutoka goti hadi kiwiko. Maumivu yanaisha, lakini vilango vya moyo vinabaki na jeraha. Kila koo jipya linaongeza jeraha. Ndiyo sababu mtoto huyo anaandikiwa penisilini ya muda mrefu, sindano moja kila wiki 3 ao 4, kwa miaka.

Kwa mzazi, ni vigumu kumpeleka mtoto anayecheza mpira achomwe sindano inayouma. Lakini sindano hiyo haitibu moyo ulioharibika. Inazuia usiharibike zaidi. Kukata ni kufungua mlango. Kwa wale ambao kilango kimeharibika vibaya, munganga anaweza kuchagua vidonge mahali pa sindano, kwa usalama. Nao mnywaji wa vidonge asiruke siku.

Dawa moja, majina mawili

Dawa nyingi kwetu zinaingia kutoka Uganda kupitia Kasindi, na karatasi yake ni ya Kiingereza. Ordonansi zetu ni za Kifaransa. Na wagonjwa wanaopelekwa Kampala wanarudi na majina ya biashara ya kule. Matokeo: mgonjwa ana pakiti mbili zenye majina tofauti, anakunywa zote, kumbe ni dawa moja, dozi mara mbili.

Chini ya jina kubwa la biashara kuna jina dogo. Hilo ndilo jina la dawa yenyewe, ambalo wanganga wanaita DCI, na linafanana karibu kote duniani. Lasix ni furosemide. Aldactone ni spironolactone. Jifunze majina madogo ya dawa zako. Hata mtoto wa darasa la nne anaweza kukusomea. Angalia pia namba ya mg: kidonge cha enalapril 5 na cha enalapril 20 havilingani hata kidogo.

Ukilazimika kukimbia

Katika eneo letu, wakaaji wengi wamejua usiku wa kutoka nyumbani na watoto mgongoni. Mgonjwa wa moyo anayekimbia bila dawa ana vita viwili. Tukumbuke pia miaka ya Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, wakati wengi waliogopa kukaribia hospitali hata kwa magonjwa mengine.

Weka ordonansi ya mwisho pamoja na karata ya uchaguzi, ndani ya plastiki. Ipige picha na simu, umtumie ndugu anayekaa mji mwingine. Usingoje kidonge cha mwisho ndipo ununue. Ukiweza, uwe na akiba ya wiki moja. Ukikimbia bila kitu, ukiwa na kopo tupu ao kipande cha pakiti, kibebe: kitamsaidia munganga wa Oicha, wa Lubero ao wa Bunia kukuendeleza. Ukifika kambini ao kwa jamaa, usingoje kuvimba ndipo uende kituo cha afya. Nenda siku za kwanza, sema ulikuwa unakunywa nini.

Chumvi na mizani

Hakuna furosemide inayoshinda chumvi. Makayabu, samaki waliokaushwa kwa chumvi na kibe cha Maggi kwenye sombe vinarudisha maji ambayo dawa ilitoa asubuhi. Mgonjwa apikiwe kabla chumvi haijaingia kwenye sufuria ya wote. Ndimu, vitunguu, tangawizi na pilipili vinasaidia ladha. Zile chumvi za duka zinazoitwa "bila sodiamu" zina potasiamu: kwa anayekunywa enalapril na spironolactone, si salama.

Kama kuna mizani nyumbani, kwa jirani ao kituo cha afya, jipime asubuhi baada ya kukojoa, mbele ya kula. Ukiongeza kilo 2 ndani ya siku 3, si mafuta. Ni maji. Usingoje pumzi ikate.

Maswali ya kuuliza mbele ya kutoka hospitalini

Andika, ao mtu wa nyumba akuandikie, majibu ya maswali haya:

1. Ugonjwa wangu wa moyo unaitwaje, na umetoka wapi?
2. Kila dawa hapa inafanya kazi gani? Ipi ni ya siku chache, ipi ni ya siku zote?
3. Niko na franga kiasi hiki. Tupange namna gani?
4. Nikisahau dozi moja nifanye nini? (Kwa kawaida, usinywe mbili kwa mara moja.)
5. Ni dawa gani nisikubali kupewa mahali pengine?
6. Damu itapimwa lini tena, na nirudi siku gani?

Rudi haraka, hata usiku ukiwa na njia salama, ikiwa: unashindwa kupumua ukiwa umekaa, kifua kinabana na maumivu kwenda mkononi ao tayani, umezimia, upande mmoja wa mwili ao mdomo umelegea, unatoka damu ukiwa unakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda, ao hukojoi tena wakati unakunywa furosemide.

Na kwa jamaa: mgonjwa akisema "nimepona, naacha dawa", msimpongeze. Anajisikia mzima kwa sababu dawa ziko kazini. Tansio iliyoshuka kwa kidonge itapanda kidonge kikiisha, na moyo uliotulia utaanza tena kupigwa fimbo. Shikeni ile karatasi, isomeni pamoja mstari kwa mstari, na mahali panapowashinda, irudisheni kwa yule aliyeiandika.